Meja Armstrong, Mtu Aliyezishinda Kelele za Angani

Hakuna askari aliyepata kukesha na simu ya upepo asiyezijua kelele za angani. Mvua inapokaribia, na radi ingali mbali, mtambo huanza kukwaruza kama mahindi makavu yanayopukuchuliwa. Neno huingia nusu, nusu ya pili ikapotelea hewani. Mwenzako asema daraja la kusini. Wewe wasikia daraja tu, na madaraja yako mawili. Hapo mtu hukumbuka kwamba silaha ya kwanza ya jeshi na ya polisi ni kusikilizana.

Hata hivyo, simu nyingi za mkononi wanazobeba polisi wa doria na askari wa miguu siku hizi hutoa sauti safi hata wingu likitanda. Usafi huo haukuja wenyewe. Uliletwa na mtu mmoja, Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa Meja katika Kikosi cha Mawasiliano cha jeshi la nchi yake. Alifariki mwaka 1954, na wengi waliobeba kazi ya mikono yake mabegani hawajapata kulisikia jina lake. Kwa hiyo tumeona vema leo kuyasimulia maisha yake mbele ya wasomaji wetu. Ndani yake mna ushindi mkubwa juu ya kelele za mbingu, na mna pia msiba uliotokana na kelele za wanadamu.

MTOTO NA MLINGOTI

Armstrong alizaliwa mjini New York tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake alifanya kazi katika tawi la Marekani la wachapaji vitabu wa Chuo Kikuu cha Oxford, na mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu. Alipokuwa mtoto mdogo alipatwa na maradhi yanayotikisa viungo bila hiari ya mgonjwa. Akakaa nje ya shule kwa muda wa miaka miwili, akifundishwa nyumbani, na hata alipopona bega lake lilibaki na mtikisiko ambao haukumwacha maisha yake yote. Wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alikuwa na vitabu na vyuma vibovu vya kutengeneza.

Katika vitabu hivyo akasoma habari za Marconi, yule Mwitaliano aliyevusha ishara ya redio juu ya bahari ya Atlantiki mwaka 1901. Armstrong alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne alipokata shauri kwamba naye atakuwa mvumbuzi. Nyuma ya nyumba yao huko Yonkers, kando ya mto Hudson, akasimamisha mlingoti wa urefu wa karibu mita 38. Alikuwa akijipandisha mwenyewe kwa kamba, ameketi juu ya kipande cha ubao, huku majirani wakimtazama kwa hofu. Kupenda kwake kwenda juu kulikuwa tabia yake ya kudumu. Alipokuwa mtu mzima mwenye heshima zake alipanda mnara wa redio uliokuwa juu ya paa katikati ya mji wa New York, hata wakuu wa kampuni yenye mnara wakampiga marufuku asikanyage tena pale.

KINU CHA MWANAFUNZI

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme, akienda na kurudi kwa pikipiki nyekundu. Wakati huo palikuwapo na kitu kipya kiitwacho vali, kijitungi cha kioo mfano wa balbu, kilichobuniwa na Lee de Forest mwaka 1906. Kiliweza kukuza ishara dhaifu kidogo tu, na hakuna aliyefahamu vizuri jinsi kilivyofanya kazi. Armstrong hakuridhika kukitumia bila kukielewa. Akakipima kwa subira, hatua baada ya hatua, mpaka akafahamu.

Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, akapata wazo la kuichukua ishara iliyokwisha kukuzwa na kuirudisha mlangoni mwa vali ikuzwe tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Ni kama mwanamke arudishaye chenga kinuni zitwangwe upya mpaka unga ulainike. Ishara iliyokuwa mnong'ono ikawa sauti ya kujaza chumba. Tena akagundua kwamba akirudisha kwa wingi zaidi, vali hugeuka kuwa mtambo wa kurushia mawimbi. Mwezi Januari 1914, katika kituo cha Belmar huko New Jersey, alimwonyesha kijana wa makamo yake, David Sarnoff, namna mtambo wake unavyopokea ishara kutoka Ayalandi na kutoka Honolulu. Sarnoff alistaajabu. Tunaomba wasomaji wayakumbuke majina haya mawili, Belmar na Sarnoff, kwani tutayarudia.

Lakini mbegu ya taabu ilipandwa mapema. Baba yake alikataa kumpa fedha za kuandikisha uvumbuzi huo mpaka amalize masomo. Januari 1913 kijana alikwenda kuweka mchoro wake mbele ya mthibitishaji wa hati. Maombi ya hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, yakaingia Oktoba 1913. Baadaye de Forest naye akadai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuuvumbua. Shauri hilo lilizunguka mahakamani kwa zaidi ya miaka kumi na minne.

KAPTENI MJINI PARIS

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Armstrong alijiunga na Kikosi cha Mawasiliano akiwa Kapteni, akapelekwa Paris. Kazi yake ilikuwa kuyapatia majeshi na ndege mitambo ya redio. Hapo ndipo tunapoiona akili ya mtu aliyewaza tofauti na wenzake.

Mapema mwaka 1918 aliziona ndege za Wajerumani zikija usiku kuupiga mji mabomu, na mizinga ya kutungulia ndege ikifyatua gizani bila kujua shabaha iko wapi. Akakumbuka kwamba cheche zinazowasha injini ya ndege hurusha mawimbi ya redio. Kwa mwendeshaji mitambo wa kawaida mawimbi hayo ni uchafu unaoharibu mazungumzo. Kwa Armstrong yalikuwa habari kutoka kwa adui mwenyewe: ukiweza kuyasikia, utajua anatoka upande gani. Ila yalikuwa dhaifu, na masafa yake yalikuwa ya juu mno kwa vali za siku zile.

Katika kulitafutia dawa jambo hilo, akabuni mtambo unaoyachanganya mawimbi ya masafa ya juu na mawimbi mengine yanayotengenezwa ndani ya mtambo wenyewe, ili yapatikane mawimbi ya masafa ya chini ambayo ni rahisi kuyakuza na kuyachuja. Vita viliisha mwezi Novemba mwaka huo kabla mtambo haujatumika kuwinda ndege. Lakini njia hiyo, iitwayo superheterodaini, ndiyo iliyokuwa msingi wa karibu redio zote zilizotengenezwa katika karne ya ishirini, za nyumbani, za gari na za jeshi. Ufaransa ilimtunuku nishani ya Legion of Honour, na alirudi nyumbani akiwa Meja. Tangu siku hiyo watu walimwita Meja mpaka alipokufa.

Amani ilimletea utajiri. Aliuza hataza zake, na kwa uvumbuzi mwingine wa mwaka 1922 akapewa hisa katika kampuni ya RCA hata akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa karani wa Sarnoff. Sarnoff mwenyewe sasa alikuwa mmoja wa wakubwa wa RCA. Zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubebeka ambayo Meja aliitengeneza kwa mikono yake.

ADUI ALIKUWA NANI

Mtu mwingine angeketi na kula matunda ya kazi yake. Armstrong hakuketi, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililomkera tangu ujana: mikwaruzo. Sarnoff naye alikuwa akitamani kijisanduku kitakachoiondoa. Wahandisi wengi waliokwisha kujaribu walikata tamaa, wakasema mikwaruzo itaishi nasi kama mbu wanavyoishi na mabwawa.

Ili kuuelewa ushindi uliofuata, yafaa kwanza tumweleze adui. Wimbi la redio lina mambo mawili makuu: kimo chake, yaani nguvu ya wimbi, na masafa yake, yaani idadi ya mawimbi yapitayo kwa sekunde moja. Katika njia ya zamani, iitwayo AM, sauti ya msemaji hupandisha na kuteremsha kimo cha wimbi, huku masafa yakibaki yale yale. Bahati mbaya, radi, cheche za plagi za gari na mota za umeme nazo hurusha mawimbi, na mawimbi hayo hujiongeza juu ya kimo cha wimbi la msemaji. Mtambo wa kupokelea hauwezi kutofautisha kimo kilichopandishwa na sauti ya kamanda na kile kilichopandishwa na radi. Hutoa vyote viwili kwa pamoja. Ukiongeza nguvu ya kusikia, wakuza na kelele pia.

Tuchukue mfano wa kwata. Tuseme askari anatuma habari kwa kuinua goti juu zaidi au chini zaidi anapotembea. Akiingia katika nyasi ndefu zinazopeperushwa na upepo, atazamaye kwa mbali hajui goti ni lipi na nyasi ni zipi. Lakini kama habari imo katika kasi ya hatua, mara upesi mara polepole, nyasi hazidhuru kitu. Mtazamaji huhesabu hatua, akaachana na magoti. Hiyo ndiyo FM. Sauti hubadilisha masafa ya wimbi, na mtambo wa kupokelea hufyeka kila kilichozidi kimo kabla ya kusikiliza.

Wazo la kugeuza masafa lilikuwapo kabla ya Armstrong, lakini wataalamu walilitupa. Mwaka 1922 John Carson, mtaalamu wa hesabu aliyeheshimiwa sana, alionyesha kwamba FM katika njia nyembamba haina faida juu ya AM. Wote waliamini kwamba njia ikibanwa, kelele chache zitaingia, kama mlango unavyobanwa vumbi lisipite. Armstrong akafanya kinyume. Alipanua njia, akayaacha masafa yayumbe kwa upana mkubwa, hata mtikiso mdogo unaoletwa na kelele ukawa si kitu mbele ya mwendo mpana wa sauti. Hesabu za Carson zilikuwa sahihi; kosa lilikuwa la wale waliodhani zimemaliza maneno yote. Tarehe 26 Desemba 1933 Armstrong alipewa hataza za FM.

SAUTI YA MAJI KATIKA GLASI

Mwaka 1934 RCA ilimruhusu kufunga mitambo yake juu ya jengo la Empire State, lililokuwa refu kuliko yote duniani. Kutoka hapo alirusha kwa AM na kwa FM, na wasikilizaji waliokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100 wakalinganisha. Radi zilipopiga, AM iligeuka kuwa ngurumo, na FM ikaendelea kana kwamba anga ni shwari.

Mwaka uliofuata kampuni ilimtaka aondoe vifaa vyake, kwa kuwa nafasi ile ilihitajiwa kwa majaribio ya televisheni. Twapaswa kusema haki hapa. RCA ilikuwa na mitambo mingi ya AM, na televisheni ilikuwa imekwisha kula fedha nyingi. FM kwao haikuwa kijisanduku cha kuongeza kwenye redio iliyopo bali redio mpya kabisa. Ila tangu siku hiyo urafiki wa Armstrong na Sarnoff ulianza kupoa.

Tarehe 5 Novemba 1935, mbele ya mkutano wa wahandisi mjini New York, Armstrong aliwasha mtambo wake wa kupokelea bila ya kuwa ametangaza anachotaka kufanya. Kutoka nyumbani kwa rafiki yake huko Yonkers zikaja sauti za mambo madogo ya kila siku: maji yakimiminwa katika glasi, karatasi ikichanwa. Katika redio za siku zile maji na karatasi vilisikika kama mkwaruzo mmoja. Usiku huo kila mtu ukumbini alisikia maji kuwa maji na karatasi kuwa karatasi.

Kisha kwa fedha zake mwenyewe, zaidi ya dola 300,000, akajenga mnara wa mita kama 130 huko Alpine, New Jersey, akaanzisha kituo chake.

POLISI NA VIFARU

Wa kwanza kuuona umuhimu wa kazi hii katika ulinzi walikuwa polisi. Gari la polisi ni mahali pabaya sana kwa redio ya AM: injini yenyewe hutoa cheche zinazoziba masikio ya askari aliye ndani. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut, wakisaidiwa na mhandisi Daniel Noble, walianza kutumia mtandao wa FM wa kuzungumza pande mbili katika jimbo zima. Gari liliweza kuzungumza na kituo, na gari na gari, injini zikinguruma.

Jeshi la Marekani likafuata. Vifaru vyake na mizinga yake viliingia katika Vita Kuu ya Pili vikiwa na redio za FM, na wafanyakazi wa kifaru wakaweza kuzungumza kifaru kikiwa mbioni. Askari wa miguu wakapewa SCR-300, redio ya FM ya kubebwa mgongoni, yenye uzito wa kilo 15 hadi 17 kufuatana na betri, na uwezo wa kufikia kama kilomita tano. Ilitumika Italia na Normandy mwaka 1944. Kombania iliyotengwa na nyingine kwa kilima au kwa moshi iliweza kusema iko wapi na inataka nini.

Kwa yote hayo Meja hakudai mrabaha. Aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia hataza zake za FM bila malipo wakati wote wa vita, ingawa wakati huo huo utajiri wake ulikuwa ukipungua. Aliendelea pia na utafiti wa rada. Tarehe 10 Januari 1946 Kikosi cha Mawasiliano kilirusha wimbi hadi mwezini na kulipokea likirudi, jambo ambalo halijapata kufanyika kabla yake, kwa mtambo ambao Armstrong alishiriki kuubuni. Jaribio hilo lilifanywa kule kule Belmar, mahali ambapo miaka 32 nyuma yeye na Sarnoff walikesha pamoja wakisikiliza Honolulu.

KELELE ZA WANADAMU

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba uvumbuzi ule wa ujana wake ni wa de Forest. Wahandisi wengi waliona kuwa mahakama haikuyafahamu mambo ya ufundi. Armstrong alikwenda kwenye chama chao ili kuirudisha nishani aliyopewa kwa uvumbuzi huo. Chama kikakataa kuipokea na kikathibitisha kwamba ni yake. Heshima ya wenzake alikuwa nayo. Lakini jeraha halikufunga.

Mwaka 1940 RCA ilimpa ahadi ya dola milioni moja ili iitumie FM bila kulipa mrabaha. Akakataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikilipa mrabaha na hakuona haki kumpa mkubwa masharti mepesi kuliko wadogo. Mwaka 1945 Tume ya Mawasiliano ya serikali ikaihamisha FM kutoka masafa ya megahezi 42 hadi 50 na kuipeleka 88 hadi 108. Sababu iliyotolewa ilikuwa mwingiliano: ilihofiwa kwamba nyakati za madoa ya jua mawimbi ya masafa yale ya chini yangerudishwa na tabaka la juu la hewa na kuingilia vituo vya mbali. Armstrong alipinga hoja hiyo kwa nguvu zake zote, akashindwa. Redio za FM laki kadhaa zilizokuwa majumbani mwa watu zikawa hazina kazi, na minara ikabidi ianze upya. Mtu aliyeushinda mwingiliano wa mawimbi alipigwa kwa jina la mwingiliano.

Julai 1948 aliishitaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa. Alikuwa shahidi wa kwanza, na mawakili walimhoji siku moja baada ya nyingine kwa muda wa mwaka mzima. Mwaka 1950 hataza zake za FM zikaisha muda, na mrabaha ukakoma. Fedha zikawa zinatoka tu. Usiku na mchana hakuzungumza jambo jingine ila kesi.

Marion alimsihi aikubali suluhu na kupumzika. Mwezi Novemba 1953 ulizuka ugomvi baina yao juu ya jambo hilo hilo, na mke akaondoka kwenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954, baada ya kumwandikia mke wake barua ya kuomba radhi, Meja Armstrong alijiua kwa kujirusha kutoka katika nyumba yake ya ghorofani mjini New York. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Kabla mwaka huo haujaisha RCA ilipatana na mjane kwa kiasi cha dola milioni moja, kiasi kile kile ambacho mumewe alikikataa mwaka 1940. Marion hakukoma hapo. Alizifuata kampuni nyingine moja baada ya moja, kwa utulivu, bila kelele, mpaka kesi ya mwisho ikaisha kwa ushindi mwaka 1967. Haki ya Meja juu ya FM ikathibitishwa, naye hayupo.

YANAYOTUHUSU SISI

Wasomaji wetu wanaovaa sare watauliza, je, vita dhidi ya kelele vimekwisha? Havijaisha. FM yenyewe ina tabia ambayo kila mwenye simu ya upepo yampasa kuijua. Vituo viwili vikisema kwa pamoja katika masafa yale yale, mtambo hushika chenye nguvu zaidi na kukifunika kile dhaifu. Kwa hiyo ukimya wa mwenzako si ushahidi kwamba hakusema. Huenda aliita msaada akafunikwa na mtu aliye karibu nawe anayeulizia chakula. Hii ni moja ya sababu ambazo marubani na minara ya viwanja vya ndege wameendelea kutumia AM, maana humo wawili wakigongana hutokea mlio unaojulisha kwamba kuna mwingine.

Hata katika vitu vidogo vita hivyo vinaendelea. Siku hizi zipo baiskeli zenye kijimita cha mwendo kisicho na waya. Sumaku hufungwa kwenye spoki, na kila gurudumu likizunguka mara moja kijitambo kilicho kando yake hutuma ishara fupi hadi kwenye mita iliyo juu ya usukani. Katika mita za bei rahisi ishara hiyo ni mpigo mtupu, haina alama ya mwenyewe. Waendeshaji wawili wakienda bega kwa bega, mita ya mmoja huweza kuhesabu gurudumu la mwenzake. Wakipita chini ya nyaya za umeme mkubwa, mita huweza kuonyesha mwendo wa pikipiki au kusimama kwenye sufuri. Waliozitengeneza zile bora waliipa kila ishara namba yake, ili mita isikilize ya kwake peke yake. Hilo ndilo somo la Armstrong kwa sura ndogo: usishindane na kelele kwa kupaza sauti, bali tafuta njia ambayo kelele haipiti.

Somo la pili ni zito zaidi, na twalisema kwa heshima. Armstrong alijua kufyeka kelele katika mtambo, lakini katika moyo wake mwenyewe hakuna kilichofyekwa; kila dharau na kila hukumu ilikuzwa na kurudishwa kinuni, kama ile ishara ya ujana wake. Alikuwa na haki, na historia imempa haki yake. Lakini askari mwenye haki naye huchoka, na mwenzake anapomwona amenyamaza, asidhani kwamba hana la kusema. Amwendee kabla hajafunikwa.

Mnara wa Alpine alioujenga Meja ungali umesimama. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo mawili marefu ya New York yalipoangushwa na magaidi, mitambo ya vituo kadhaa vya televisheni iliyokuwa juu yake iliteketea. Vituo vikatafuta mahali pa kurushia, na baadhi yake vikafunga mitambo yao kwa muda katika mnara wa Alpine. Watu wa mji ule, katika siku zao za hofu, wakapata habari kutoka katika mnara wa mtu aliyekufa miaka 47 kabla yake.